Mchanga wa Kando ya Bwawa

Dada yangu anahesabu wanyama, ila wanyama wenyewe hawaoni. Anasoma nyayo zao tu. Machimbo ya kokoto yakitaka kufukia bwawa, lazima kwanza aje mtu athibitishe kama kuna mnyama anayelitumia, na mtu huyo ni yeye. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, magoti yamemwisha. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nikae nyumbani nikutazame wewe?"

Kazi yenyewe haina maajabu. Jioni anamwaga mchanga laini kuzunguka bwawa lote, anausawazisha kwa ubao mpaka unalala kama shuka iliyopigwa pasi. Asubuhi anarudi kuangalia nani amekuja kunywa. Anafanya hivyo siku tano mfululizo. Akikuta nyayo, bwawa linaachwa. Akikosa, anaandika "halitumiki", anatia saini, na malori yanaanza kumwaga mawe.

Safari hii alikuwa hoi tangu siku ya kwanza. Kutoka getini hadi bwawani ni mteremko wa mawe matupu, na vumbi la mashine ya kusaga limeganda mpaka kwenye majani. Asubuhi ya kwanza alikuta mchanga umelala vilevile alivyouacha, pengine vizuri zaidi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano aliona uvivu hata kuinama. Moyo ulimwambia maji mazuri namna ile hayawezi kukosa mnywaji, lakini fomu haina mahali pa kujaza moyo. Akapanda ofisini, akamkabidhi meneja karatasi. Meneja alishukuru bila kuinua kichwa. Malori yangeanza saa nane mchana.

Akateremka tena kuchukua ubao wake. Mlinzi wa zamu ya usiku, mzee mpole ambaye wafanyakazi humwita Filimbi, alikuwa anamsubiri nao mkononi.

"Pole na kazi, mama. Nimekuoshea."

"Asante sana, mzee wangu."

"Leo walikuchafulia vibaya mno. Imebidi nipitishe ubao mara mbili."

"Nani wamechafua?"

"Si hao wanyama! Paa na mtoto wake, na yule nungunungu. Hawana adabu kabisa. Wewe unatandika mchanga wako vizuri, wao wanakanyaga tu. Nikasema huyu mama anaumwa magoti, asikute kazi upya. Kila alfajiri, kabla sijatoka zamu, nakusawazishia."

Dada alikaa juu ya jiwe. Mimi ningefoka mpaka mashine zisimame. Yeye aliupokea ubao wake tu. Amfokee nini? Mzee wa watu alikuwa amemhurumia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumweleza mlinzi hata mmoja mchanga ule ni wa nini. Aliwasalimia, akawauliza habari za nyumbani, akapita zake.

Bwawa lile lipo mpaka leo, nikwambie mapema usiwe na wasiwasi. Alinyanyuka pale pale kurudi kwa meneja, aidai karatasi yake na kusema kwamba amekosea. Mlinzi akamfuata nyuma, uso umemshuka.

"Nimeharibu, mama?"

"Hapana, mzee wangu. Nimeharibu mimi."

Katikati ya mlima magoti yaligoma, wakasimama. Chini yao, upande wa pili wa machimbo, palikuwa na vilima viwili vya mawe vilivyoanza kuota majani. Zamani vilikuwa mabwawa. Yote mawili aliyaandika "halitumiki" kwa mkono wake.

Anasema hajui kwa nini aliuliza. "Umelinda hapa miaka mingapi?"

"Huu wa tisa."

"Na yale mawili pale?"

"Aa, nilikusawazishia pia, mama," mzee akasema, uso ukamchangamka kidogo. "Tena kule ndiko walikokuwa wanakuja wengi."