Mwiko wa Mama Uliokuwa Sikio la Papa

Sisi tuliokulia Kasenyi, ukingoni mwa ziwa, kabla simu haijawa sehemu ya mkono wa mtoto, tulikuwa na mchezo ambao nikiwaeleza watoto wa Bunia leo wananitazama kwa huruma. Mmoja wetu alikuwa moteri, yaani injini. Alilala mchangani akanguruma kwa mdomo mpaka mate yakamtoka. Wengine tulikuwa mafundi, tukimzunguka na kumsikiliza. Akikohoa, mazutu, mafuta ya injini, imeingia maji. Akilia kama mbuzi, mkanda umelegea. Akigonga meno, kitu kimevunjika na wote tutalala njaa. Aliyekosea ugonjwa ndiye aliyelala chini kunguruma. Mimi nililala mara chache, maana baba yangu, tuliyemwita Papa, alikuwa fundi wa bato, chombo cha kuvusha abiria ziwani.

Ilikuwa bato kubwa ya mbao. Injini ilikaa ndani, chini ya sakafu, na chuma kirefu kilitoka kwenye injini kikapita chini ya miguu ya abiria hadi nyuma, kuzungusha elisi, lile panga linalosukuma bato, majini. Ilikuwa pia na tanga la bashi, turubai ya bluu, kwa siku ambazo injini ingekataa. Tanga hilo Papa alilichukia kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. Kapiteni wetu, Muzee Udaga, alilijua hilo. Kila asubuhi alilikung'uta vumbi polepole mbele ya Papa na kumwuliza, "Fundi, leo moteri yako iliamuka muzuri, ao nipandishe tanga?"

Papa alisikiliza injini kwa mwiko. Alichukua mwiko wa Mama wa kusongea bugali, akauma mpini, ncha nyingine akaiweka kwenye chuma, akafumba macho. Alisema masikio yanasikia kelele zote pamoja, kama watu wa sokoni, lakini meno yanasikia kimoja kimoja. Ukweli ni kwamba masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka kwa miaka ya kukaa na ile injini, ingawa nyumbani hakuna aliyethubutu kulisema. Mama alilalamika mpaka akazoea. Akitupakulia alitangaza, "Leo tena ni bugali ya mazutu. Mwenye kikohozi atapona." Tulikula. Hatukuwa kama hawa wa leo, wanaosukuma sahani kwa sababu wameona kitunguu.

Likizo moja ilianza sauti mpya. Go, go, go, chini ya sakafu, nyuma kidogo ya katikati. Papa alikuwa amekitoa chuma kile kirefu juma lililotangulia, akakipaka mafuta na kukirudisha. Bandari nzima ikageuka mafundi. Muuza chumvi alisema ni injini. Mchungaji alisema ni injini, lakini tuombe. Papa alifungua injini mara tatu, na mara tatu hakuona kitu. Mwenye bato, Mama Kavira, mama wa Butembo asiyependa maneno mengi, akamwambia mbele yetu: "Papa, siku ya posho tunaenda Mahagi-Port. Kama tunafika na hii kelele, ntaacha weye kule, ntarudi na fundi ingine."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, Mama alipanda na samaki wake wa chumvi, nami nikapanda naye. Kelele ikatusindikiza. Katikati ya ziwa Papa aliuma mwiko juu ya injini, akatikisa kichwa: safi. Akatoa vitesi, yaani gia, injini ikawa inanguruma bila kusukuma chochote. Go, go bado ilikuwepo, imepungua tu mwendo, na injini ikaifunika asiweze kujua inatokea wapi. Papa alikaa. Alilitazama ziwa, akamtazama Mama Kavira, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kapiteni, pandisha tanga."

Muzee Udaga alizungusha shingo yote. "Unasema nini? Upepo ilibeba."

"Tanga. Pandisha."

"Rudilia tena, fundi. Hawa wa mbele hawakusikia."

Papa akarudia, na abiria wakacheka mpaka kuku waliofungwa miguu wakapiga kelele. Papa alizima injini. Tanga likajaa, bato ikaenda kwa upepo, na maji yakaendelea kuzungusha elisi yenyewe. Kukawa kimya. Ndani ya kimya hicho, go, go, go. Injini imelala, kelele iko macho. Hapo hata mimi nilielewa kwamba siku zote tulikuwa tunamtibu asiyeumwa.

Papa alifungua mbao za sakafu, akatambaa na mwiko juu ya chuma. Alifika mahali akasita. Akaniita, "Mama, kuya hapa. Uma." Ndivyo alivyoniita mimi binti yake. Niliuma pale pale alipouma yeye, penye mate yake na mazutu. Kila chuma kilipomaliza mzunguko mmoja, pigo moja liliingia menoni. Nikamwonyesha kidole: pale, kwenye kiti kinachoshika chuma kwa nyuma. Papa akagusa bulo zake, bolti za kukikaza. Mbili zilizunguka kwa vidole vitupu.

Kapiteni, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwangalia Mama Kavira, kisha akamrushia Papa kamba ya kujiokoa. "Ni wavu ya wavuvi ilishika elisi, ao?"

Ingetosha Papa aitikie kwa kichwa. Lakini akasema, "Hapana. Ni miye. Nilirudisha chuma, nikasahau kukaza."

Mama alishusha macho kwenye samaki wake. Mimi niliona tayari tunahama. Mama Kavira alifunga na kufungua kitambaa chake. Mwishowe akasema, "Ule fundi wa Mahagi angeniambia ni wavu. Kaza, Papa, tuende." Papa akakaza. Tangu siku ile hadi tulipohamia Bunia, bandari nzima ilimwita Papa Tanga, naye aliitika.

Mwaka huu tumemzika. Muzee Udaga alipanda kutoka ziwani kuja kwenye kilio, akiwa na fimbo, akasimulia habari ya tanga kana kwamba ni ya jana, akirudia "Upepo ilibeba" mara nne. Ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu kifo.

Vijana wa leo wana akili, siwakatalii. Moto, pikipiki zao, ikilia vibaya wanairekodi kwa simu, wanamtumia mtu wa Kampala ambaye hawajawahi kumwona, naye anajibu: badilisha yote. Juzi mwanangu alirudi kutoka Mongbwalu, moto yake inagonga, simu tayari iko hewani. Nilileta mwiko ule ule wa Mama. Akacheka, akaita wenzake waje kuona. Niliuma mpini, nikaweka ncha kwenye chuma, chini ya tangi, kisha kwenye mguu wa injini. Bulo ilikuwa inacheza.

"Ni barabara ya Mongbwalu, mama," akasema. "Ile barabara inaharibu kila kitu."

Mdomo wangu bado ulikuwa na mwiko. Meno yangu yalikuwa yamekaa ndani ya alama za meno ya Papa, nami sikutaka kuyatoa upesi. Wenzake wakachoka kucheka. Akashusha simu.

"Ni miye," akasema. "Niliifungua juzi, nikasahau kukaza."

Niligeuka upande wa nyumba, kama mtu anayetaka kumwita Papa aje asikie.