Vidole vya Ndeshi

Wifi yangu Ndeshi ana aibu moja tu duniani: mikono yake. Ameshika jembe kule Akheri tangu usichana, amemenya ndizi za harusi zote za ukoo, na kanisani mikono huificha chini ya kanga. Mimi humwambia aache ujinga.

Wiki mbili zilizopita polisi walimpigia simu. Mtu wa Elerai ametapeliwa, na laini iliyotumika imesajiliwa kwa jina la Ndeshi, kwa kitambulisho chake cha taifa. Aje Jumatatu ajieleze. Basi akaja kwangu mbio. Miaka ishirini anawafundisha watoto wa watu kanisani wasiibe, leo yeye aitwe tapeli! Akaniuliza nani atamkatia ng'ombe majani akiwekwa ndani. Niliumia, nikasema twende wote.

Askari alitusikiliza, akatutuma kwanza ofisi ya kampuni ya simu tukaangalie laini zote zilizo kwenye jina lake. Binti wa mezani, Naisula, alituamkia shikamoo, akasogeza kimashine cha alama za vidole. Ndeshi akaanza kuomba radhi.

"Samahani mwanangu, vidole vyangu vimefutika. Yule wakala wa Daraja Mbili aliyenisajilia laini alinibonyezesha mara tano ndipo ikakubali."

Naisula akamwambia ajaribu tu. Akabonyeza. Mashine ikasoma mara ya kwanza.

Binti akatazama kompyuta, akamtazama Ndeshi. Laini tano, siku moja, wakala mmoja, zote ndani ya robo saa. Kumbe kila yule mshenzi aliposema haijasoma, mama, rudia, ilikuwa imeshasoma, naye anajisajilia laini nyingine kwa jina la mwenzake. Na wifi yangu, kwa kuionea haya mikono yake, alirudia huku akimwomba radhi mwizi! Nilitaka kucheka, lakini nilitukana kwanza.

Laini nne zilifungwa palepale, ikabaki yake, tukapewa karatasi ya kurudisha polisi. Askari akaisoma, akasema mama huyu sasa ni shahidi, anayetafutwa ni wakala. Nilishusha pumzi, nikakaa kwenye benchi.

Nilidhani Ndeshi atalia. Wapi! Alikuwa dirishani penye mwanga, anaugeuzageuza mkono wake.

"Wifi," akaniambia, "kumbe vidole vyangu ni vizima."

Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa, akampa kila mtu mkono.