Nyimbo Mbili na Foleni ya Mchele

Juzi kwenye foleni ya mchele, redio ya dukani ilikuwa ikipiga wimbo mpya wa mwimbaji wetu wa taarabu, unaoisifu serikali kwa mavuno. Mbele yangu walisimama wanawake wawili, mashoga.

“Mie nnaupenda ule wake wa zamani, wa mapenzi,” alisema mwenye kikapu. “Akiuimba, nnainuka kumtunza pesa, na mke mwenzangu anajua nimemkusudia yeye.”

“Na huu?”

“Huu nikiinuka, nimkusudie nani?”

Muuzaji akatoa kichwa, akasema mchele umekwisha. Akafunga dirisha, wimbo ukaendelea ndani.

Yule bibi akatengeneza buibui lake, akaenda kwa madaha mpaka dirishani, mkono juu kama wafanyavyo watunzaji, akipunga kikapu kitupu.

Hakuna aliyecheka. Sote tulijua amemkusudia nani.