Siku Mavyaa Alipoiona Meli Ikitoka Gudini

Mume wangu alikuwa fundi cherehani katika hoteli moja ya Diani, kazi yake mapazia na foronya. Mwaka wa pili baada ya uhuru, mgeni mmoja aliyezoea kuja kila msimu alimwachia kamera yake kuukuu ya sinema, ile inayotiwa ufunguo kama saa ya mezani. Mwanamume mwingine angepiga picha za harusi za jamaa. Wangu alipiga za meli.

Wala si meli zinazopita mbali baharini. Alizitaka zile zinazotoka gudini, kwenye matengenezo, zimekwisha kukwanguliwa na kupakwa rangi. Mdogo wake alikuwa mpaka rangi katika gudi la Mombasa, na meli kubwa ilipokaribia kutoka alituletea habari kwa utingo wa basi. Mume wangu aliomba ruhusa, akaifunga kamera ndani ya kikoi, akaenda. Akirudi alinisimulia hadi wali ukapoa.

Mama yake, mavyaa wangu, aliishi Msambweni, na hayo yote hakuyaelewa. Siku moja tulipokuwa tukisuka ukili wa mikeka barazani kwake aliniuliza, "Mwanangu, huyu shemeji yako hasa anafanya kazi gani huko?"

"Anapaka meli rangi, mama."

"Na kwa chini pia?"

"Na kwa chini pia."

"Sasa anapumua vipi?"

Nilicheka hadi ukili ukanitoka mkononi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimwombea dua mwanawe asizame. Jioni ile nikamwambia mume wangu kwamba safari ijayo tutakwenda na mama yake.

Tulipofika, shemeji alitupokea langoni, ovaroli yake nyekundu tupu kwa rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeangukia pipa la achari?"

Alikuwa amekwisha kumwomba msimamizi wake, tukaruhusiwa kusimama nyuma ya kamba. Gudi lilikuwa shimo refu la mawe, mdomo wake umezibwa kwa lango la chuma, na mle ndani meli nzima imekaa kavu juu ya magogo. Rafadha yake, ile feni inayoisukuma, jani moja tu lilizidi mlango wa nyumba yetu. Mavyaa alichungulia, akanishika mkono.

"Unapita chini ya hiki?" alimwuliza mwanawe.

"Kila siku, mama."

Niliona midomo yake ikisoma dua.

Kisha maji yakafunguliwa. Yaliingia kwa kishindo, halafu yakapanda polepole mno, tukala viazi tulivyobeba vikaisha na tumbo jekundu la meli lilikuwa bado halijafunikwa. Mume wangu alichuchumaa na kamera yake, hataki kupoteza ukanda wa sinema, maana ulikuwa wa dakika chache tu. Mwishowe meli ikatikisika kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Inaelea. Lango likaondolewa, boti mbili zikaanza kuivuta, na ule mlima wa chuma ukaondoka kinyumenyume bila sauti.

Mavyaa aliniachia mkono. Akapiga kigelegele. Mabaharia wakainama kutazama, mmoja akavua kofia akampungia. Basi ndiyo ikawa. Alivua leso ya juu akaizungusha hewani, akaifuata meli kando ya kamba huku akicheza, wapaka rangi wakimpigia makofi, nami nyuma yake nimebeba viatu vyake.

Ukanda ulipelekwa ng'ambo kusafishwa, ukarudi baada ya mwezi na zaidi. Meneja wa hoteli alituazima mashine ya kuonyeshea sinema. Baada ya alasiri tukaziba madirisha ya chumba cha dobi kwa mablanketi, tukatundika shuka. Wapishi walikuja, majirani walikuja, mavyaa akakaa mbele.

Meli ilionekana kidogo tu. Kisha picha ikaruka, akatokea mavyaa: leso hewani, mdomo wazi, nyuma yake ukuta mweusi unapita.

"Meli iko wapi?" mpishi aliuliza.

"Iko nyuma yake," mume wangu alijibu kwa sauti ndogo.

Mavyaa alijisogeza. "Bibi yule ni nani?"

"Ni wewe, mama," nikamwambia.

Alikodolea macho shuka hadi ukanda ukaisha. Alikuwa hajawahi kujiona ila katika kioo cha kiganjani.

"Nilicheza hivyo mbele za watu?"

"Naam."

"Nanyi hamkunizuia?"

"Ungekubali?"

Akacheka hadi akakohoa, na chumba kizima kikacheka naye. "Hebu rudia," alimwambia mwanawe. "Sikuiona miguu yangu vizuri."

Tulirudia hadi mashine ikapata moto. Aliporudi Msambweni aliwaeleza wenzake jinsi maji yanavyofunguliwa na meli inavyonyanyuka, na aliyebisha aliambiwa apande basi aje Diani aone mwenyewe. Wengi walikuja, na mume wangu akalazimika kumwomba meneja ile mashine tena.