Cherehani ya Yaya na Polisi wa Mbwa

Suruali za polisi wa mbwa huisha magotini. Za polisi wa farasi huisha ndani ya mapaja, na hata zikifuliwa hurudi kwangu zikinuka mnyama. Wa barabarani, wale wanaosimamisha magari karibu na robot, yaani taa za barabarani, wao wanataka suruali ibane ili wapendeze. Wapelelezi hawana sare, lakini makoti yao hutoboka mfuko wa kulia, sijui huwa wanabeba nini humo. Nimeshona katika chumba changu cha Jules Street, Malvern, tangu mwaka 2015, na polisi wa Johannesburg niliwajua hivyo, kikosi kwa kikosi, kwa matundu yao.

Mume wangu aliwajua kwa salamu. Alikuwa mlinzi kwenye mlango wa jengo la ofisi huko Marshalltown, na kwa kuwa naye alivaa sare, kila polisi aliyepita alimwinulia mkono. Akirudi nyumbani ni hadithi tupu: leo nimesalimiana na mkubwa fulani, leo fulani kaniuliza habari za watoto. Nilimtania kwamba siku farasi wao akimtikisia kichwa, atasema huyo ni ndugu. Alicheka, lakini zile salamu alizithamini mno. Kwa mgeni wa mji si kitu kidogo kusalimiwa na serikali.

Yaya hakuwajua polisi kwa namna yoyote. Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu kule kwetu Lubumbashi, na huyu ni dada yangu mkubwa. Alikaa pembeni mwa barabara hukohuko Marshalltown na cherehani ya miguu, akiwakunjia watu wa ofisi pindo za suruali huku wakisubiri. Kibali chake kilikuwa halali. Jiji lilimchorea kisanduku cha rangi ya njano chini, akae humo.

Cherehani ile ilikuwa ya mama yetu. Yaya alipokuja huku alikipakata kichwa cha cherehani hiyo ndani ya basi, kimefungwa kwa kitenge, na mipakani alikataa katakata kukiweka chini. Mimi mstari wangu wa kwanza niliushona kwa cherehani hiyo, ukaenda upogoupogo, naye akanifumulisha mara nyingi hadi nikalia. Kazi ninayojivunia leo nimeipata kwa mkono wake.

Sasa, Julai ya mwaka 2017 baridi ilikuwa kali, na kisanduku cha Yaya asubuhi kilikuwa kivulini. Vidole vikifa ganzi huwezi kutunga uzi. Akaisogeza cherehani hadi pale jua lilipoanguka, nje kidogo ya mstari wa njano. Kikosi kinachosimamia sheria ndogo za jiji, hicho cha wachuuzi na meza zao, kilipita na lori. Wakabeba meza ya mama wa mboga aliyekuwa jirani yake, wakabeba na cherehani.

Jioni alikuja kwangu. Hakuwa analia. Alituketisha, mimi na mume wangu, akatueleza taratibu, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

"Ule polisi wa lori amenielezea muzuri. Amesema niende na kibali kwa depo yabo, ile ghala, nilipe faini, banirudishie mashini. Amesema nisichelewe, juu bintu bikikaa sana banauzisha."

Mume wangu alitikisa kichwa. "Yaya, ofisi haiingiwake vile. Nani uliona kwetu anaingia tu, bila kuwa na mutu wa ndani? Utaenda, batakuzungusha. Niachie mimi. Tutatafuta mutu."

"Lakini amenielezea, shemeki."

"Banaelezeaka kila mutu, Yaya."

Hata mimi niliona ni kweli. Tulikotoka ofisi ni mtu. Usipokuwa na wa kukupokea utaambiwa njoo kesho mpaka viatu viishe, na akili hiyo hatukuiacha mpakani. Tena kwetu shemeji akishasema niachie mimi, ndiyo kaachiwa. Yaya kwenda mwenyewe baada ya hapo ingekuwa kumvua mume wangu nguo mbele za watu.

Mtu wetu alikuwa mteja wangu, polisi wa mbwa, mwanamume mnene mpole wa hapahapa Malvern. Alipokuja kuchukua suruali nilikataa malipo yake, nikamweleza shida yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi ni wa mbwa," alisema. "Wale wa sheria ndogo wana mkubwa wao, wana ghala lao. Nikipiga simu kule wataniuliza mbwa wangu anataka kushona nini. Mwambie dada yako aende tu. Ni jambo rahisi."

Nilipomsimulia mume wangu, alisema huyo anakataa kwa adabu, tumwongezee heshima. Nikaanza kumshonea koti mke wa polisi huyo. Mume wangu naye, siku yake ya mapumziko, alivaa suti akamfuata polisi wa barabarani aliyezoea kumsalimia. Huyo akamwambia jambo hilo si la barabarani, nendeni ghalani. Akaenda kituo cha polisi wa taifa. Pale kaunta wakamjibu kwamba mambo ya wachuuzi ni ya polisi wa jiji, nendeni ghalani. Nami nikamuuliza wa farasi, akasema vilevile. Kadiri walivyotuelekeza mlango mmoja, ndivyo tulivyozidi kuamini kwamba kuna mlango mwingine wanatuficha.

Siku zote hizo Yaya alishinda kwangu kwenye benchi, akinisaidia kushona vifungo kwa mkono. Nilikuwa namtazama kwa chini. Sindano ikitembea, miguu nayo ilikuwa ikikanyaga sakafu, mbele, nyuma, pasipo na kitu chini yake. Mume wangu akiingia, Yaya alimuuliza, "Leo je?"

"Inakaribia, Yaya."

Polisi wa mbwa aliporudi kwa ajili ya koti la mkewe, aliuliza kama dada yangu alipata cherehani yake. Nikamwambia bado tunatafuta mtu. Akasema twende, sasa hivi. Akatupakia mimi na Yaya kwenye gari lake lililojaa manyoya ya mbwa. Ghalani hakuzungumza na yeyote. Alikaa nje, garini.

Hatukupanga hata foleni. Mwanamke wa dirishani alikichukua kibali cha Yaya, akaangalia, akaangalia tena. Cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa pamoja na shehena nyingine. Hakuwa mkali. Alisema wenzake wa mtaa ule walikuja wote juma lilelile, hata mama wa mboga alichukua meza yake. "Hukujua kwamba unatakiwa kuja?"

Yaya alimjibu kwa kile Kiingereza chake kidogo cha kuongea na wateja: alijua.

Mume wangu alimnunulia cherehani nyingine, ya umeme. Yaya alishukuru kwa heshima zote, akaifunika kitenge, na mpaka leo hajaifunua. Anawalea watoto wa watu kwenye fleti moja Doornfontein, na siku zake za mapumziko anakuja kwangu kushona vifungo. Hajawahi kutulaumu. Laiti angetulaumu. Mume wangu aliacha kuleta nyumbani hadithi za salamu, nami, niliyekuwa nikimcheka, nazikosa. Inaniuma kwamba hatukumdhuru Yaya kwa ubaya wowote. Tulimpenda, tukamtafutia mtu.

Mwaka juzi alikuja polisi wa kikosi kile cha sheria ndogo, kijana mrefu, pindo za suruali zimechanika kwa kupanda na kushuka lori. Nilipokuwa namchukua vipimo, nilimuuliza ikiwa mtu aliyebebewa cherehani bila kujuana na yeyote kule ghalani angerudishiwa kweli.

Alinishangaa. "Angekuja tu, Mama."

Yaya alikuwa kwenye benchi, miguu ikikanyaga sakafu kama zamani. Hakuinua kichwa, na mkono wake uliendelea na kifungo. Miguu ndiyo iliyosimama.