Nilivyotupa chooni vidonge vya binti yangu nikidhani nalinda heshima

Wakuu, salaam kutoka Nangara, Babati. Sipambi kitu hapa, maana mjinga wa uzi huu ni mimi mwenyewe. Mkinicheka mna haki.

Binti yangu Neema ana miaka kumi na saba. Ni mfupi, mpaka leo watu wanamuuliza kama yuko darasa la tano. Hedhi hajawahi kuiona.

Mimi, mjuaji wa ukoo, nikatangaza kwamba damu imeganda. Nikaenda Sigino kwa mzee mmoja, akanipa mizizi. Neema aliinywa mwaka mzima, akaambulia kutapika. Na nina cheti cha form four, wakuu!

Mama Neema akachoka, akampeleka hospitali kimyakimya. Hakuniambia, alijua nitafoka.

Siku moja natafuta kalamu kwenye begi la Neema, nakutana na vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi. Nikavitumbukiza chooni. Halafu, kwa akili zangu nyingi, jioni nikamsema mbele ya jumuiya, watu wameshika rozari zao sebuleni kwangu.

Wazee wakatikisa vichwa. Mama mmoja akashauri aolewe haraka. Aolewe, mtoto ambaye hajavunja ungo! Neema hakulia, akatoka tu nje.

Watu walipoondoka, Mama Neema akanipa karatasi. "Baba Neema, umemaliza? Haya, soma."

Kumbe kipimo cha damu kimeonyesha hana kromosomu moja ya X. Kesho yake nikaenda kwa daktari, kijana mdogo tu. Akanieleza: amezaliwa hivyo, hakuna aliyemroga. Ovari hazikukua, hazitoi homoni. Vile vidonge vinampa hizo homoni ili apevuke na mifupa isidhoofike. Moyo nao lazima upimwe. Kushika mimba mwenyewe itakuwa vigumu sana.

Jumuiya iliyofuata nikasimama, nikasema vile vidonge vilikuwa dawa yake, nikaomba radhi. Wale wale watikisa vichwa wakadakia, "Sisi tulijua tu." Mlijua nini nyie? Mxiuuu!

Wazazi, binti akifika kumi na tano bila hedhi, hospitali. Mizizi mpeni mbuzi.

Siku hizi namletea Neema maji ya kumezea dawa kila jioni. Jana kapokea glasi, lakini vidonge kavikumbatia kifuani.

"Baba, asante. Ila naomba utoke kwanza, ndiyo nimeze."

Nikatoka. Wenye mabinti, hapo imani ya mtoto mnairudishaje? Semeni, hata matusi napokea.