Moshi wa Surf ya Bibi Vitalia

Kuna watu ukiwatendea wema wanakushukuru mpaka unachoka, halafu kuna Bibi Vitalia wa Maguu, ambaye ukimshukuru anakuona umemtukana. Mpelekee mayai kwa sababu alimkimbiza mkeo hospitali usiku wa mvua, utarudi nayo nyumbani na maneno juu yake. Katekista Florian aliwahi kumpelekea jogoo. Alisindikizwa kwa ukali mpaka njia panda, jogoo akilalamika kwapani, na tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu tena.

Ukali ule ulikuwa na chanzo. Marehemu mumewe, mzee Nicholaus, alinunua Surf ya dizeli yenye turbo kwa kahawa ya mwaka mmoja mzuri, mwaka ambao Maguu bado wanausimulia kama harusi. Alipokuwa mgonjwa alimshika mkewe mkono akamwambia, "Gari hili lisije likageuka teksi." Bibi Vitalia akalishika neno hilo, na kwa kuwa hajui kushika kitu kidogo, akalizidisha. Mumewe alikataza nauli. Yeye akakataza hata kopo la maharage. Kubeba watu, hata hivyo, hakuacha. Alijifunza kuendesha akiwa tayari na wajukuu, akabeba wajawazito, kwaya, magunia ya kahawa na majeneza, akawashusha watu Liuli kwa ndugu zao wa ziwani na kupanda nao mlima wakiwa na usipa wao, dagaa wa ziwani.

Sasa, kule milimani bakuli la jirani halirudishwi tupu. Utatia hata viazi viwili, ili mradi lisionekane limetoka kwenye nyumba isiyo na adabu. Surf ilikuwa inarudi tupu kila siku, na watu roho zilikuwa zinawauma.

Basi Surf ikaanza kutoa moshi. Si ule mweusi wa kupanda mlima, ambao kila mwenye dizeli anaujua. Huu ulikuwa wa bluu, mzito, unanuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni, na ulibaki umelala juu ya ngolo za mahindi, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, hata gari lenyewe likiwa limeshavuka kona. Asubuhi, chini ya injini kulikuwa na dimbwi jeusi la oili ambalo kuku walilizunguka kwa heshima.

Akaitwa fundi Pankras kutoka Mbinga mjini. Pankras alikuwa fundi wa kusikiliza. Aliinamisha sikio juu ya injini, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za msiba. Kijiti cha kupimia oili hakukigusa. Kwake yeye, kuchomoa kijiti ni sawa na daktari kumwuliza mgonjwa jina la ugonjwa wake. Gari linavuja, kwa hiyo limepungukiwa. Hilo halikuhitaji kijiti. Akaliongezea oili, wala hakudai kitu. Moshi ukazidi. Akaitwa tena, akasikiliza tena, akaongeza tena.

"Linavuja, linaunguza, na bado linataka," alisema akifuta mikono. "Turbo inalia, Mama. Hii imekula sili zake za kuzuia oili."

Walichokiona Bibi Vitalia na Cleopa, mchuuzi wa usipa, kilithibitisha maneno hayo. Walikuwa wanatoka Liuli na mzigo umejaa nyuma, wameanza kupanda milima ya kurudi Mbinga, Bibi Vitalia akasimama pembeni ili usipa ufunikwe turubai. Akazima gari. Gari likakataa. Akachomoa ufunguo, akauonyesha kwa Cleopa kama ushahidi, na injini ikazidi kucharuka yenyewe, moshi wa bluu umefunga barabara, sauti inapanda kama ya mtu anayetafuta ugomvi. Cleopa, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliruka na kuingia kwenye shamba la mihogo la mtu.

"Mzee Nicholaus huyo!" alipiga kelele kutoka mihogoni. "Bibi, mwombe radhi!"

"Nicholaus hakuwahi kunipigia kelele hivi!" alimjibu Bibi Vitalia. Akakanyaga breki kwa mguu wote, akatia gia ya tano, akaachia klachi. Gari likaruka mara moja, likazimika. Aliogopa, lakini zaidi alihuzunika, kwa sababu hapo ndipo alipoamini kwamba Surf inakufa.

Pankras naye akasema ndivyo. Akapatikana mtu wa Songea wa kuinunua, aikate iwe spea. Angekuja Jumatatu. Bibi Vitalia akaenda kaburini kumweleza mumewe, akakuta mchwa wameshaanza mguu wa msalaba. Alilia palepale, kwa sauti. Msalaba unaliwa, gari linakatwa. Aliona kama mzee anazikwa mara ya pili, na safari hii kwa vipande.

Jumamosi majirani wa Jumuiya walisali kwake. Pankras alikuwepo, amekuja kuliandaa gari kwa ajili ya mnunuzi. Sala ilipokwisha, Bibi Vitalia akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Surf inaondoka Jumatatu. Nimewabeba wote mliokaa hapa, na waliolala kule makaburini nimewabeba. Sikutaka kitu. Lakini hata mtu mmoja kusema neno? Hata mmoja?"

Katekista Florian akainuka, na ilionekana wazi kwamba bado anamkumbuka yule jogoo.

"Bibi, tukisema neno unatufukuza. Ndiyo maana mimi nilikuwa natia oili."

"Oili gani?"

"Kila uliponirudisha kutoka vigangoni. Ukiingia ndani kuvua viatu, mimi nafungua boneti, namimina kopo langu. Gari halina mdomo wa kunifukuza."

"Kumbe na wewe?" Restituta, mwenyekiti wa kwaya, alishtuka. "Kwaya tulichanga! Tulitia Pasaka, tukatia na sikukuu ya Kupalizwa."

"Mimi kila safari ya usipa," alisema Cleopa kwa sauti ndogo. Nyuma yake mama mmoja akanyoosha mkono, kwa niaba ya mjukuu aliyezaliwa garini. Halafu mwingine. Halafu mzee mmoja aliyebebewa mabati.

Rangi ilikuwa inamtoka Pankras usoni. Aliinuka bila kuaga, akaenda kwenye Surf, akafungua boneti, na kwa mara ya kwanza akachomoa kijiti. Jumuiya nzima ikamfuata. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu, ikapanda na kupanda hadi karibu na kishikio.

"Turbo haijafa," alisema polepole. "Imekabwa. Oili ikizidi hivi, injini inaipiga mpaka inatoa povu, na ile ya turbo inakosa pa kurudi. Inapenya kwenye sili, nyingine inadondoka chini, nyingine inatoka na moshi. Ikiingia kwenye hewa ya injini, injini inaila badala ya dizeli. Ndiyo maana ilikataa kuzimika."

"Na wewe uliongeza?"

"Niliongeza, Mama."

"Kwa nini hukudai?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Ulimbeba mama yangu kwenda kuzikwa. Nilikuwa nashukuru na mimi."

Bibi Vitalia akaingia ndani kutafuta beseni.

Yakaletwa mabeseni na ndoo. Nati ya chini ikafunguliwa, oili ikatoka, ikatoka, mpaka Restituta akakimbia kwake kuleta sufuria kuukuu. Mpira wa hewa nao ulipofunguliwa ulimwaga yake. Pankras akaacha iliyofika alama, akapima mara mbili, akawasha. Moshi uliotoka kwanza ulifukuza watu hadi kwenye shamba la kahawa. Ukawa mwepesi. Bibi Vitalia akapandisha gari mlima mpaka kanisani na kurudi, na nyuma yake barabara ikaonekana.

Mnunuzi wa Songea alipofika Jumatatu alipewa chai, akaonyeshwa njia. Florian alikuwa ameshapita alfajiri na jogoo, si yule, yule aliliwa zamani, amesimama mbali akiwa tayari kukimbia.

"Mfunge pale kwenye mpera," alisema Bibi Vitalia. "Na mwambie kila mtu: atakayefungua boneti yangu tena nitamvunja mkono."

Jioni alichukua brashi na kopo la ile oili chafu, ambayo mchwa hawaigusi, akaenda kaburini. Akaupaka msalaba kuanzia mguuni kunakoliwa na mchwa, akapanda nayo mpaka juu, hadi ukawa mweusi wote na unang'aa.

"Hizi ni asante zako, Nicholaus," alisema. "Mimi nimepewa jogoo."